Waliniuzia Mvua Nyepesi, Nikaletewa Mawe

Kwa siku nne hivi jirani yangu alinihifadhia kwenye friji yake mkebe wa siagi uliojaa mvua ya mawe, kwa kuwa kijana wa huduma kwa wateja alikuwa ameniuliza nina ushahidi gani. Umeme ukapotea usiku kucha, kama ilivyo desturi yake huku kwetu, na ushahidi ukageuka maji. Basi naandika uzoefu wangu na huduma hii ya utabiri wa hali ya hewa kwa arafa nikiwa sina kitu mkononi ila daftari, pamoja na hasira ambayo majuma kadhaa hayajaipunguza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina shamba dogo la viazi na minji upande wa Njoro, na kwa zaidi ya miaka kumi kipima mvua changu kimesimama uwanjani, mbali na miti na paa la nyumba. Tuko wanne wenye ugonjwa huu: mmoja yuko Elburgon, mwingine Molo, na wa nne ni shemeji yangu aliyeko Kisumu. Saa tatu kamili asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa husoma mvua ya siku iliyopita, kila mmoja husoma chake, kisha tunapigiana simu kulinganisha utabiri ulisema nini na mbingu ilifanya nini. Wake zetu walishakata tamaa. Nilipojiunga na huduma hii mwanzoni mwa mvua ndefu, nilijua ninachonunua, na sikutarajia unabii.

Jioni moja katikati ya msimu huo arafa iliingia kama kawaida: kesho alasiri mvua nyepesi, milimita 2 hadi 5, hali inafaa kwa kunyunyizia dawa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Asubuhi yake niliita vijana wawili, tukapiga viazi dawa ya ukungu, tukamaliza kabla ya saa sita. Saa nane wingu likaanza kupanda upande wa Mau, jeusi tumboni, kichwa kimetanuka kama fuawe la mhunzi, na mtu yeyote aliyewahi kulitazama wingu la namna ile anajua kwamba halijaja kuleta milimita 2. Saa tisa na nusu upepo ulikata ghafla, kuku wakaingia bandani bila kufukuzwa, na jiwe la kwanza likagonga mabati. La pili sikulisikia, kwa sababu yalikuja yote kwa pamoja. Kwa robo saa hatukusikilizana ndani ya nyumba hata kwa kupiga kelele. Yalipokoma, uwanja ulikuwa mweupe, minji iliyokuwa imeanza kutoa maua ilikuwa imelala kama iliyokanyagwa na ng'ombe, na majani ya viazi yalikuwa yametoboka hata ungeweza kuchungulia upande wa pili. Dawa ya asubuhi ilikuwa imekwenda mtoni pamoja na udongo.

Mvua ya mawe haipimwi kwa pupa. Mawe yaliyokwama mdomoni mwa kipima mvua huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu ambayo yamepimwa kwanza, kisha kiasi hicho hutolewa katika jumla. Nilifanya hivyo mikono ikitetemeka, na sijui kama ilikuwa baridi au uchungu. Nilipata milimita 38, yaani lita 38 kwa kila mita moja ya mraba, karibu ndoo mbili kubwa, na naamini kipimo hicho ni pungufu kwa kuwa mawe mengi yaligonga ukingo yakaruka nje.

Asubuhi wenzangu walipopiga simu, Elburgon ilikuwa na milimita 4, Molo haikuwa imepata hata tone, na Kisumu ilinyeshewa usiku wa manane. Kwa maneno mengine, mtu wa Elburgon aliletewa kile kile alichoahidiwa. Hapo haki inanilazimisha kuwatetea watu ambao sina hamu ya kuwatetea. Mchana upepo wa Ziwa Victoria husukuma hewa yenye unyevu kuelekea mashariki, nayo ikipanda miinuko ya Nandi, Kericho na Mau hugeuka kuwa radi na ngurumo za alasiri. Usiku upepo hubadili njia, na mawingu hujikusanya juu ya ziwa lenyewe. Hayo kompyuta za watabiri zinayajua. Kinachozishinda ni kusema wingu litamwaga mzigo wake juu ya shamba la nani, maana programu kubwa za kutabiri hali ya hewa ya dunia huigawa nchi katika vipande vya kilomita 9 au zaidi kila upande, na wingu la mawe huweza kuwa dogo kuliko kipande kimoja. Isitoshe, barafu huanza kuyeyuka ikishuka chini ya kimo cha mita 4,500 hadi 5,000 hivi, kwa hiyo ikifika Kisumu, kwenye mita 1,100 na kitu, kwa kawaida imekwisha kuwa matone makubwa, lakini sisi tulio juu ya mita 2,000 tunaipokea ingali jiwe. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi hawahitaji kusimuliwa jambo hilo. Lakini basi, anayewauzia wakulima wa miinuko hii utabiri wa mvua bila kutaja mawe ana tofauti gani na anayemwonyesha mgeni kivuko cha mto bila kumtajia viboko?

Hata hilo nilikuwa tayari kulimeza. Nilipiga simu ili kuwapa kipimo changu, nikidhani wangefurahi kukipata, fidia sikuitaja.

"Mzee, una uhakika ilinyesha kwako?" kijana akaniuliza.

"Ilinyesha kwangu, mwanangu. Viazi vyote vimetoboka."

"Lakini mfumo wetu unaonyesha milimita 3."

"Mfumo wenu uko Nairobi. Mimi niko uwanjani, nimeshika barafu."

Akanyamaza kidogo, nikasikia anatafuna kitu. "Sawa, mzee, lakini hiyo basi si mvua. Hayo ni mawe. Sisi tunatabiri mvua. Na una ushahidi gani?"

Akanitakia siku njema, na simu haijapoa arafa ikaniomba nipime ubora wa huduma niliyopewa.

Nilipomsimulia mpwa wangu anayeishi New Jersey, alicheka, kisha akanikumbusha dhoruba ya theluji ya Januari 2015. Jiji la New York lilikuwa limeonywa lijiandae kwa theluji ya sentimita 50 na zaidi, hata treni za chini ya ardhi zikasimamishwa usiku ule. Dhoruba ikapita mashariki zaidi ya ilivyodhaniwa. Central Park ikapata sentimita 25 hivi, huku Boston ikifukiwa kwa zaidi ya 60. Wao waliahidiwa nyingi wakapata kidogo, kinyume kabisa cha yaliyonipata mimi. Lakini mtabiri mmoja wa serikali huko New Jersey aliomba radhi hadharani, kwa jina lake, wala hakumwuliza mtu ana ushahidi gani wa theluji ambayo haikuanguka. Tangu niambiwe habari hiyo nimezidi kukasirika.

Mara ya kwanza niliandika "msijiunge" nikatoa nyota moja. Kisha nikafungua daftari, na daftari halina hasira. Kwa swali la kunyesha au kutonyesha, siku nyingi za msimu ule walisema kweli, na mwanzoni kabisa waliniambia nisubiri kupanda, ilhali jirani yangu, yule yule mwenye friji, alipanda mapema akalazimika kununua mbegu mara ya pili. Nikapandisha hadi nyota tatu. Usiku nikalala vibaya, nikaamka nikahesabu peke yake zile siku ambazo kipima mvua changu kilipita milimita 20. Zilikuwa tano. Walikuwa wameiona moja. Nikarudi kwenye nyota mbili, na huenda ningeshuka tena kama arafa nyingine isingeingia wakati ule ule ikiniita mteja mpendwa na kunijulisha kwamba kifurushi changu kinakwisha leo.

Nimelipa. Mke wangu hajui, na anayemjua asimwambie.

Utabiri wa kesho umeshafika: mvua nyepesi alasiri, milimita 2 hadi 5, hali inafaa kwa kunyunyizia dawa. Dawa nimeiacha stoo, miche ya kabichi nimeifunika kwa magunia, na ule mkebe wa siagi nimeuosha nikauweka dirishani.