Moduleta, kaseti au waya: kupiga iPod kwenye redio ya Toyota Raum

Kama gari lako limetoka Japani na bado lina redio iliyokuja nayo, usinunue moduleta ya FM, kile kidude cha kurushia muziki wa iPod kwenye redio ya gari. Naanza na hukumu kwa sababu wauza vifaa vya gari pale Kariakoo watakuambia kinyume chake, tena kwa kiapo. Kijana aliyeniuzia yangu kwa shilingi 15,000 alisema, "Mama, hii inakubali gari lolote, hata Fuso." Ilikubali kweli. Ilikubali na matangazo ya watu.

Mimi nina iPod Classic ya GB 160, imejaa taarabu na muziki wa dansi niliouhamisha kutoka kwenye CD zangu zamani. Wanangu huniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu inakula bando, na wimbo ukifika patamu inaingia sauti ya mtu wa kamati ya harusi akikumbushia michango. iPod haina kamati.

Turudi kwenye moduleta. Kile kidude ni kituo kidogo cha redio: unakichomeka kwenye tundu la chaja, unaunganisha iPod kwa waya, kinarusha muziki kwenye masafa utakayochagua, redio ya gari inaudaka. Vingi vinarusha kati ya 87.5 na 108. Redio za magari ya zamani ya Japani husoma 76 hadi 90. Kwa hiyo vinakutana kwenye kipande kile cha 87.5 hadi 90 tu, na hapo Dar ndipo walipo Clouds 88.5 na Wasafi 88.9. FM humsikiliza mwenye nguvu zaidi, na kidude cha elfu kumi na tano hakina ubavu wa kushindana na mnara. Nikitoka Kimara mambo shwari. Nikikaribia Ubungo mwimbaji wangu anakatwa katikati ya ubeti na mtangazaji anayecheka.

Utaambiwa uongeze ekspanda, kile kinachochomekwa kwenye waya wa antena kikashusha masafa, mpaka Times FM ya 100.5 unaikuta kwenye themanini na kitu. Kwa kusikiliza redio ni kitu kizuri. Kwa moduleta kinakupa nafasi zaidi ya kutafuta penye upenyo, lakini stesheni zilizoshushwa zinajazana palepale zilipo zile za awali, na utafutaji unabaki wako, kwenye foleni, mkono mmoja kwenye usukani. Moduleta zenye Bluetooth nazo zisikudanganye: zinapokea Bluetooth, na iPod Classic hairushi.

Kaseti ya bandia yenye mkia wa waya niliijaribu kwenye gari la shemeji yangu, maana Raum yangu haina sehemu ya kaseti. Sauti ni safi kuliko moduleta, besi imelegea kidogo. Kama una deki inayozunguka bado, nunua bila kufikiria sana.

Kilichonifaa mimi ni waya. Redio nyingi za Kijapani zenye skrini ya ramani zina kiingilio cha VTR, yaani cha kupokea picha na sauti kutoka kifaa kingine, kwa nyuma, matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. (Ramani yenyewe inaniweka Japani hata nikiwa Buguruni, lakini hilo nimeshalizoea.) Fundi mmoja wa Ilala alifungua deshibodi, akachomeka nyekundu na nyeupe, njano akaiacha kwa sababu ni ya picha, akaupitisha waya hadi kwenye kiboksi cha makaratasi. Waya 5,000, ufundi 20,000. Alitaka kwanza aniwekee redio mpya ya Android. Nikamwambia, "Fundi, mimi nataka tundu, sitaki televisheni." Akacheka, akafanya kazi.

Sauti? Nimesikia kinanda kwenye taarabu ambacho kwenye moduleta kilikuwa kama hakipo. Muhimu ni kuiweka iPod karibu na mwisho wa sauti yake, kisha kuongeza na kupunguza kwenye redio. Ukifanya kinyume unaongeza na mivumo. Ukipata waya unaotoka kwenye tundu la chini la iPod, lile pana la chaja, ni bora zaidi, kwa sababu hapo sauti haipiti kwenye kikuza sauti (amplifaya) cha earphone.

Kasoro ipo. Ukichaji iPod kwenye gari huku inapiga, unasikia mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Umeme wa chaja na waya wa muziki vinakutana kwenye bodi la gari na kufanya mzunguko. Kinauzwa kidude cha kuchomeka katikati ya waya kinachoukata mlio huo. Mimi nachaji nyumbani, basi.

Na menyu ya redio ni Kijapani tupu. Piga picha ya kitufe cha VTR siku fundi anapokuonyesha, la sivyo utamrudia Ilala kwa ajili ya kitufe kimoja, na kuegesha kule si bure.