Shahada ya sosholojia na insia (masomo kama historia, falsafa na fasihi) katika chuo kikuu cha umma: uhakiki wa kozi

Anayetaka kupima ubora wa idara ya sosholojia aende moja kwa moja kwenye somo la mbinu za utafiti. Nadharia hufundishwa karibu kila chuo, tena kwa mpangilio unaofanana. Mbinu ndizo zinazotenganisha idara makini na idara inayosukuma tu wanafunzi hadi mahafali. Fungua mtaala uone somo hilo linaanza mwaka gani, linachukua mihula mingapi, na kama lina saa za vitendo au ni mihadhara mitupu. Kisha nenda maktaba, omba tasnifu tano za miaka ya karibuni na usome sura zao za mbinu. Ukikuta aya zilezile zimehamishwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine, mji tu ndio uliobadilishwa, jibu unalo.

Kozi yenyewe ni nzuri, na chuo cha umma kina faida moja kubwa: upana. Aghalabu historia, falsafa, isimu, fasihi, uchumi na takwimu vinafundishwa humohumo, na mwanafunzi wa sosholojia ana ruhusa ya kuchukua masomo ya kuchagua nje ya idara yake. Wengi huipoteza nafasi hiyo kwa kujisajili dakika za mwisho, wakati madarasa mazuri yameshajaa na ratiba zinagongana. Jisajili siku dirisha linapofunguliwa, na panga masomo ya nje kwanza, kwa sababu yale ya lazima ya idara yako hayataondoka. Ushauri wetu: chukua mantiki kutoka falsafa na uhakiki wa vyanzo kutoka historia. Mantiki inakufundisha kuona hoja inavunjikia wapi. Historia inakufundisha kuuliza hati imeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje. Mambo haya mawili yatakusaidia zaidi ya somo la tatu la nadharia.

Mwaka wa kwanza ni wa waasisi wa sosholojia: Marx, Durkheim, Weber. Mtaala uliofikiriwa hauishii hapo. Utamkuta pia Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini aliyeandika kuhusu mshikamano wa makundi na kuinuka na kuanguka kwa tawala mnamo 1377, na W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi aliyezunguka nyumba kwa nyumba katika mtaa mmoja wa Philadelphia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1899. Lakini orodha ya majina haitoshi, kinachohesabika ni namna yanavyofundishwa. Chukua utafiti wa Durkheim wa 1897 kuhusu kujiua. Mhadhiri wa kawaida ataeleza aina za kujiua, mtaziandika, mtazirudisha kwenye mtihani. Mhadhiri mzuri atauliza takwimu zile zilitoka wapi. Nani aliamua kwamba kifo hiki kiandikwe kujiua na kile kiandikwe ajali? Na kama eneo lenye Waprotestanti wengi lina vifo vingi zaidi, je, ni Waprotestanti wenyewe waliojiua? Takwimu za eneo hazithibitishi jambo kuhusu mtu mmoja mmoja, na kosa hilo bado linafanyika kila siku kwenye ripoti za watu wazima wenye vyeo. Darasa likifika hapo, kozi inaanza kulipa.

Tatizo ni kwamba darasa halifiki hapo ndani ya ukumbi wa mamia ya watu. Huko unasikiliza na kunakili slaidi. Kazi hufanyika kwenye semina, na semina ya watu 15 si sawa na ya watu 60, kwa hiyo uliza ukubwa wake kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Pia soma sura ya asili, hata kama ni kurasa 30 ngumu, kabla ya kugusa muhtasari. Soma mara ya kwanza ukitafuta swali ambalo mwandishi anajibu, na mara ya pili ukitafuta ushahidi anaotoa. Asiyeweza kuandika swali hilo kwa sentensi moja bado hajaisoma sura. Majarida ya kitaaluma yanayolipiwa kwa kawaida hufunguka bure kupitia mtandao wa chuo, na vyuo vingi hutoa akaunti ya kuyafikia ukiwa nje. Iwashe wiki ya kwanza.

Sasa turudi kwenye mbinu, maana ndiko kozi inakopanda au kuzama.

Dodoso huharibika kwenye maswali. “Je, unaridhika na bei na ubora wa usafiri?” ni maswali mawili. Anayeridhika na ubora na kuchukia bei atajibu nini? Makundi ya umri ya 18–25 na 25–35 yanamweka mwenye miaka 25 sehemu mbili. “Huoni kwamba vijana wanapuuzwa?” inamtafunia mhojiwa jibu. Dawa ni kulijaribu dodoso kwa watu 10 hadi 15 wasio kwenye sampuli (watu waliochaguliwa kuwakilisha kundi zima), kuwaomba waeleze kwa maneno yao wameelewa nini, halafu kurekebisha. Idara nyingi huliandika jaribio hili kwenye mwongozo bila kulisimamia, na wanafunzi huliruka.

Kosa la pili ni la sampuli, na ndilo linalotuudhi zaidi kwa sababu linaonekana kama hesabu. Fomula ya Yamane, ya kukadiria sampuli iwe na watu wangapi, iko karibu kila tasnifu: gawa idadi ya watu kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha makosa. Kwa watu 1,000 na makosa ya asilimia 5 unapata 286. Kwa watu 10,000 unapata 385, na kwa 100,000 hata 400 hawafiki. Hesabu ni sahihi. Lakini fomula inadai kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa kutoka orodha kamili. Mwanafunzi anayesimama getini na kugawa dodoso kwa wapitao hana sampuli nasibu, yaani iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na namba 286 haimpi usahihi wowote aliouandika. Aseme wazi kwamba sampuli yake ni ya waliopatikana kirahisi, na apunguze madai. Mambo mengine mawili husahaulika. Namba hiyo ni ya waliojibu, kwa hiyo ukitarajia asilimia 70 warudishe, gawa madodoso 409. Na ukiigawanya sampuli hiyo ya 286 mafungu manne sawa ili kuyalinganisha, kila fungu lina watu kama 71 tu, na makosa ndani yake yanapanda hadi karibu asilimia 10.

Uchambuzi hauhitaji programu ya kununua. R na PSPP ni za bure, na PSPP ina sura inayofanana na SPSS, programu ya takwimu ya kulipia ambayo maabara nyingi hutumia. Tunapendelea R kwa sababu kila hatua inabaki kwenye faili la amri, na msimamizi anaweza kuona kosa lilipoingia.

Utafiti wa kimaelezo, unaotegemea maneno ya wahojiwa badala ya namba, una mtego wake, nao ni muda. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kunukuu kwenye maandishi, zaidi kama sauti ni mbaya. Mahojiano 15 ya saa moja yanadai saa 60 hadi 90 kabla hujaanza kuchambua, lakini mipango kazi mingi huyapa wiki moja. Nukuu kila mahojiano siku ileile au kesho yake, hifadhi sauti sehemu mbili, na badili majina kuwa namba tangu mwanzo. Kwenye uchambuzi, dada yetu au kaka yetu wa mwaka wa tatu mara nyingi hugeuza maswali yake ya mahojiano kuwa “dhamira”, yaani mada kuu za matokeo. Dhamira inatakiwa itoke kwenye majibu. Zikilingana na maswali moja kwa moja, uchambuzi haujafanyika.

Usimamizi wa tasnifu ndio udhaifu mkubwa wa vyuo vya umma. Mhadhiri mmoja huwa na wanafunzi wengi, na anayekwenda na mada kama “athari za mitandao ya kijamii kwa vijana” anarudi na neno moja: punguza. Ipunguze mwenyewe kwanza: kundi gani, mahali gani, kipindi gani, athari ipi inayoweza kuonekana. Tuma kurasa mbili na maswali matatu siku chache kabla ya miadi, na baada ya kikao andika barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Ombi la kibali cha maadili lipelekwe mapema, kwani linaweza kuchukua wiki kadhaa, na data iliyokusanywa kabla ya kibali inaweza kukataliwa yote.

Maoni kwenye insha huwa machache. Omba mwongozo wa kusahihishia kabla ya kuandika. Kuhusu programu za kukagua ulinganifu, zinahesabu maneno yanayofanana tu: kubadili maneno ya mtu bila kumtaja ni wizi hata ripoti ikisema asilimia sifuri.

Kozi hii haimfai anayetaka cheti chenye leseni ya kazi moja mahususi. Inamfaa anayeweza kuonyesha utafiti mzima kuanzia swali hadi ripoti. Atakapohitimu awe na faili lenye dodoso lake, data iliyosafishwa na kuondolewa majina, faili la amri za uchambuzi, na ripoti ya kurasa mbili ambayo mtu asiye mwanasosholojia anaielewa. Mwajiri wa mradi wa utafiti ataisoma ripoti hiyo kabla ya kuangalia orodha ya alama.