Ubongo wamechora ukutani, watoto wamefungwa dirishani: uzoefu wangu na deikea moja Tabata

Jina la kituo sitaji, sitaki kesi na mtu. Ila jamani hasira nilizonazo leo, acheni tu.

Ukifika getini pale unakutana na ubongo mkubwa wa pinki wamechora ukutani umevaa na miwani, chini wameandika TUNAKUZA AKILI YA MWANAO TANGU MIEZI MITATU. Na sisi wa siku 84 za likizo ya uzazi ndo tunaonaswa pale, maana zikiisha bosi hataki kujua mama mkwe yuko kijijini wala dada wa kazi kaondoka bila kuaga. Nikampeleka. Asubuhi unapokelewa kwa tabasamu, mtoto anachukuliwa mlangoni, we unakimbilia daladala, ndani huoni kitu.

Sasa juzijuzi hapa mvua ikapiga kweli tukaruhusiwa kazini mapema, nikasema ngoja nimpitie mwanangu. Geti liko wazi, nikaingia moja kwa moja hadi sebuleni. Yaani nilichokuta, watoto wamepangwa mstari kila mmoja kwenye woka, vile vigari vya magurudumu, na kila woka imefungwa kamba ya manila kwenye nondo ya dirisha ili isitembee!! Woka. Ya kutembelea. Imefungwa isitembee. Mbele yao tivii katuni zinalia sauti juu, wa kwangu shingo imelalia pembeni, uji umemkaukia kidevuni, vidole vya miguu tu ndo vinagusa marumaru. Miezi saba yule, hata kukaa mwenyewe bado anayumba.

Nikamuuliza madamu mwenye kituo hawa wamekaa hapa tangu saa ngapi. Hajainua hata macho kwenye simu. "Mama Ethan, hapo wanafanya mazoezi ya miguu. Tukiwaweka chini wanachafuka, halafu ni nyie nyie mnaokuja kulalamika nguo." Nikamwambia mi silalamikii nguo, nataka mtoto ajifunze kutambaa. Akacheka. "Wa kutambaa mlee mwenyewe nyumbani."

Mazoezi ya miguu! Kanada wamepiga marufuku hizo woka tangu 2004, kuuza hata kuingiza nchini, kwa jinsi watoto walivyokuwa wanaporomoka nazo kwenye ngazi, na kutembea haziwahishi. Shirika la Afya Duniani nalo 2019 lilisema wazi kabisa, mtoto wa chini ya mwaka asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, tivii asioneshwe, na ambaye hajaanza kutambaa apate angalau nusu saa kwa siku ya kulala kifudifudi akiwa macho, hata ukiigawa kidogo kidogo. Hata nesi wa kliniki yetu, ambaye hana ubongo wa pinki ukutani, aliniambia usingizi mlaze chali, akiamka tandika mkeka mgeuze tumbo chini ukae naye hapohapo, ndo shingo inakaza, mabega yanapata nguvu, anaanza kunyoosha mkono kufuata kitu. Mkeka bei gani jamani?

Ningeishia hapo ningewapa sifuri. Ila kuna binti mmoja pale wa kazi, mdogo mdogo, sijui hata kama wanamlipa vizuri. Wakati mi nabishana na madamu yeye kaja kimyakimya kamtoa Ethan kwenye woka, katandika kanga chini, kamlaza kwa tumbo. Kachukua kichupa cha maji ndani kina maharage, kifuniko kakizungushia selotepu, akakitikisa kushoto, mtoto akageuza kichwa chote. Akakiweka mbele kidogo, pale ambapo lazima ajivute. Ethan akasema "abuu," yule dada akamjibu "abuu, eeh?" halafu akanyamaza anamsubiri. Mtoto akajibu tena! Wakaendelea hivyo kama watu wazima wanaopiga stori. Hakuna katuni inayomsubiri mtoto amalize kuongea. Madamu akapiga kelele "acha kuchezacheza, kuna vyombo huko," dada akanyanyuka. Hapo ndo nilitamani kulia.

Kwahiyo nyota sijui niweke ngapi. Moja. Hapana mbili, zote za yule dada, mwenye kituo hana hata nusu yake. Nimemwambia madamu Ethan asiguswe na woka tena, akasema sawa kwa ile sawa ya kunitoa nje. Na kesho nampeleka tena palepale, msinishangae, saa moja na nusu natakiwa niwe kazini. Mnaojua sehemu yenye mkeka na watu wanaoongea na watoto, kuanzia Segerea mpaka Buguruni, nishtueni. Na huyo dada akipata kazi kwingine nishtueni pia, namfuata.