Pasipoti ya Pili kwa Njia ya Ukaazi: Nchi Nne, Kuanzia Inayofaa Zaidi

Kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza nchi yako inasemaje. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi wanaruhusiwa uraia pacha, ila Mkenya anatakiwa kuitaarifu serikali ndani ya miezi 3 tangu apate uraia mwingine. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake, wa Tanzania unamtoka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo, kwa Katiba ya 2006, hairuhusu raia wake kuwa na uraia mwingine sambamba. Kwa hao wawili hii si pasipoti ya pili. Wanabadilisha moja kwa nyingine, na hesabu yake ni tofauti kabisa.

Jambo jingine: madalali huuza vitu viwili kwa jina moja. Kuna kununua uraia moja kwa moja, kama Dominica, ambako kima cha chini ni dola 200,000, au Saint Kitts na Nevis, dola 250,000. Halafu kuna ukaazi, ambao ndio huo wanaoutangaza kuwa wa "bei nafuu". Ukilipa dola elfu mbili tatu unapewa kadi ya mkaazi, si pasipoti. Pasipoti inakuja baada ya uraia wa tajnisi, yaani ule mgeni anaouomba baada ya kuishi nchini, na huo unalipiwa kwa siku ulizoishi kule. Ndiyo maana nimezipanga nchi hizi kwa muda zinaotaka na uhakika zinaotoa, si kwa ada ya fomu.

Ya kwanza kwangu ni Brazil. Sheria yake ya Uhamiaji ya 2017 inataka miaka 4 ya ukaazi, na mwaka 1 tu kama una mwenzi au mtoto Mbrazili. Mtoto anayezaliwa pale ni raia tangu kuzaliwa (watoto wa wanadiplomasia hawamo), na wazazi wake hupata haki ya ukaazi kupitia kwake. Usiende kuzaa kwa ajili ya karatasi, lakini familia changa inayohamia kikazi ina njia fupi hapo. Kuna viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao, kipato dola 1,500 kwa mwezi. Tahadhari: ile ni ya muda, na miaka ya uraia huhesabiwa tangu upate ukaazi usio na kikomo. Wengi wanakosea hapa, wanakaa miaka miwili wakidhani saa inakwenda kumbe imesimama.

Utatakiwa kujua Kireno. Mswahili haanzi sifuri: meza, leso, bendera na mvinyo tumevichukua huko huko kwao. Ubalozi wa Brazil uko Nairobi na Dar es Salaam, hivyo nyaraka hazihitaji safari ya kwenda bara jingine. Pasipoti yenyewe inaingia Ulaya ya Schengen (nchi zenye viza ya pamoja) bila viza. Marekani bado utapanga foleni.

Ya pili ni Paraguay, na hii ndiyo inayotangazwa kuliko zote. Sifa zake ni za kweli: kuingia ni rahisi, sheria ya 2022 inakupa ukaazi wa muda wa miaka 2 kisha wa kudumu, na kipato cha nje ya nchi hakitozwi kodi. Katiba inasema miaka 3 kwa uraia. Lakini uamuzi uko mikononi mwa Mahakama ya Juu ya nchi, nayo inataka kuona maisha: nyumba, kazi, Kihispania. Aliyechukua kitambulisho akarudi zake Nairobi, akitua Asunción mara moja kwa mwaka, asitegemee pasipoti. Kama kadi ya akiba, inafaa. Kama njia ya uraia, hamia kweli.

Argentina ingekuwa juu mwaka 2024. Miaka 2 tu, na mahakama zilikuwa na huruma. Mei 2025 serikali ya Rais Milei ilitoa amri kwamba miaka hiyo 2 iwe mfululizo, bila kutoka nje ya nchi. Yaani msiba ukitokea nyumbani ukaenda kuzika, unaanza upya. Kwa mtu wa kwetu hilo ni sharti zito kuliko ada yoyote, kwa hiyo nimeishusha hadi ya tatu.

Ureno ya nne, ingawa pasipoti yake ndiyo bora kuliko zote hapa. Viza ya D7 inataka kipato cha kodi ya nyumba, pensheni au gawio kinachofika mshahara wa chini wa nchi, euro 870 kwa mwezi mwaka 2025. Uraia ulikuwa miaka 5, lakini Oktoba 2025 Bunge lilipiga kura kuurefusha hadi 10. Unaweza kuingia ukiwa na mpango wa miaka mitano ukajikuta una mtoto wa sekondari kabla hujaapa.

Ukiwa na fedha za kununua uraia wa visiwani, kumbuka Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki: walionunua uraia wake wakitaka Ulaya walifungiwa mlango moja kwa moja Desemba 2024.

Gharama ambayo matangazo hayaitaji ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa na cha tabia njema vipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, kisha kwa mtafsiri aliyeapishwa, na cha tabia njema huisha muda wake ukiwa bado foleni. Rwanda na Burundi zimo katika mkataba wa apostili (muhuri mmoja unaokubalika katika nchi zote wanachama), hivyo wenzetu wa huko wanaruka hatua moja. Anza na jina: kama cheti kinasema Mohamed na pasipoti inasema Muhammad, lirekebishe hapa nyumbani kabla hujalipa hata shilingi ya dalali.