The Empty Grave: filamu iliyomsogeza baba karibu na runinga

Jumamosi usiku, sebuleni kwetu Kikuyu, Dodoma, tuliitazama The Empty Grave, filamu ya hali halisi ya 2024 ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner. Uzao wa Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, unatafuta kichwa chake Ujerumani. Baba, Mgogo asiyekubali tambiko lirukwe, alizima redio yake akasogeza kiti. Kamera haiwaharakishi wana ukoo hao, inakaa nao kimya mpaka unauona uchovu machoni mwao. Hapo nililia. Ila mazungumzo ya Berlin yamenichosha, ningependa kuwasikia zaidi wazee wa mji wa Songea. Na familia ya Kaaya ya Meru, ambayo humo nayo inatafuta mabaki ya babu yao, jamani, ilistahili filamu yake yenyewe.