TAHADHARI: Jamaa wa "kusinki nyimbo" hapa Dodoma anafunga simu za watu

Wana Dodoma, hasa wanafunzi wa UDOM na nyie ma-MC na madijei wa sherehe, kuna jamaa anajinadi kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anasinki nyimbo. Tangazo lake tamu: nyimbo zote za kompyuta zihamie kwenye simu na tableti, plelisti zibaki zilivyopangwa, elfu kumi na tano tu, "nakufuata ulipo". Na kweli anakufuata. Wengine kakutana nao Nyerere Square, wengine stendi ya Nanenane, wengine huko Ng'ong'ona kwenye vyumba vya kupanga. Duka hana, meza hana, jirani wa kumuulizia hana.

Mimi nina steshenari yenye kona ya kutengeneza kompyuta, kwa hiyo waliopigwa wanaishia mezani kwangu. Ningeona mmoja ningesema fundi kakosea. Ila hadithi zinafanana mno, mpaka maneno anayowaambia watu ni yaleyale.

Wenye iPhone ndio wanaoumia zaidi. Binti mmoja wa mwaka wa pili alitaka nyimbo zilizo kwenye kompyuta ya kaka yake ziingie kwenye simu yake. Jamaa akaja, akaishika simu, akamwambia: "Dada, hiyo Apple ID yako toa, weka hii yangu, imelipiwa na ina kila kitu. Plelisti zitashuka zenyewe." Zikashuka kweli, binti akafurahi, akalipa. Wiki haikuisha, simu ikajizima usiku. Ilipowaka ilikuwa tupu kama imetoka kwenye boksi leo, na kwenye kioo maandishi ya Kiingereza kwamba imefungwa na mwenyewe, chini yake namba ya kupiga. Akapiga. Sauti ni ileile ya "dada". Laki moja na nusu, tena itangulie ndipo afungue.

Hapo hakuna uchawi wala utundu wa ajabu. Ukienda kwenye mipangilio, pale juu kabisa penye jina lako, ukatoa akaunti yako ya Apple (ndiyo hiyo Apple ID) na kuweka ya mtu mwingine, umeshamkabidhi simu. Ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea, Find My, inahesabu kwamba mwenye simu ni yeye. Anaweza kuifuta akiwa Mwanza, na ikishafutika haikubali kuanza bila barua pepe na neno la siri lake. Hata ukishtuka mapema ukataka kuitoa akaunti yake, simu inakudai neno la siri hilohilo usilolijua. Picha na majina ya watu kwenye simu, kama uliruhusu viunganishwe, navyo vinapanda kwake. Na muda wote kabla hajaifunga anaiona ilipo kwenye ramani, yaani anajua binti wa watu analala wapi. Hili linanikera kuliko hiyo laki na nusu.

Cha kujua ni kwamba Apple wameweka sehemu ya pili, ya muziki na manunuzi peke yake. Ukiingiza akaunti hapo, nyimbo zinakuja na simu inabaki yako. Yeyote anayeijua kazi hii anapajua. Na huyu anapajua vizuri tu, ndiyo maana hapagusi.

Ikishafungwa, njia ya halali ni kuwaendea Apple wenyewe na risiti ya manunuzi ya kwanza ya simu hiyo. Sasa sisi simu zetu nyingi ni used za Dubai, tumenunua mkono kwa mkono, risiti ni karatasi ya kitabu cha dukani isiyo hata na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Kwa hiyo wengi wanakwama. Halafu anatokea mwingine anasema "nafungua iCloud, niachie elfu hamsini", yaani atalitoa hilo fungo la akaunti ya Apple, unaliwa mara ya pili.

Kama akaunti yake iko kwenye simu yako muda huu na bado inafanya kazi, zima data, zima Wi-Fi, toa laini. Amri ya kuifuta inapita kwenye intaneti, bila intaneti haifiki. Kisha ichomeke kwa waya kwenye kompyuta uhamishe picha na chochote unachokipenda. Baada ya hapo mtafute ukitumia simu ya mtu mwingine, kwa upole, mwambie kuna rafiki zako wawili wanataka huduma. Akija, aiondoe akaunti yake mbele yako, ahakikishe imetoka, ndipo muongee mengine. Usiende peke yako.

Wa Android msicheke, kwenu anakuja na mlango mwingine.

Kijana mmoja anayepiga muziki kwenye sherehe upande wa Chamwino aliuziwa "plelisti ya nyimbo elfu tano za harusi". Akatumiwa faili moja kwa WhatsApp. Alipolifungua kwenye simu, majina yanaonekana, ukigusa hakuna kinacholia. Akaniletea. Nikalifungua kwa Notepad nikamuonyesha, mstari wa kwanza umeandikwa D:\Muziki\Harusi\001.mp3, wa pili 002, hivyohivyo mpaka mwisho. Hilo ni faili la M3U, na M3U ni maandishi matupu yanayosema wimbo umekaa wapi kwenye kompyuta fulani. Ni kama daftari la michango ya harusi: majina yamejaa, hela hazimo. Faili lenyewe lilikuwa na kilobaiti mia moja na thelathini hivi, wakati wimbo mmoja tu wa MP3 unakula megabaiti tatu na kupanda. Kwa hiyo ukiuziwa "nyimbo elfu tano" zikaingia kwenye simu ndani ya sekunde moja, jua hakuna wimbo ulioingia.

Kijana alipolalamika, jamaa hakuruka wala hakukasirika. Akamwambia simu yake haina nafasi, achukue memori kadi ya 256GB yenye nyimbo ndani, elfu kumi na tano nyingine. Bei hiyo kwa kadi ya ukubwa huo ingetosha kumshtua mtu, lakini akainunua. Nyimbo za mwanzo zikalia vizuri, alizisikiliza nyumbani akaridhika. Siku ya shughuli, maharusi wako mlangoni, MC ameshawatangaza, akagusa wimbo wa kuingilia. Jina lipo, dakika zinaonekana sifuri, spika kimya. Wamama wameshashika vitambaa juu wanamtazama. Akaokolewa na simu ya mpiga picha.

Kadi za hivyo zimechezewa ndani ili zidanganye ukubwa. Ndani ina nafasi ndogo, lakini ukiichomeka inasema 256. Unachoweka mwanzoni kinakaa, kinachozidi hapo kinapotea au kinafuta cha awali, ila majina yanabaki kukutania. Ukinunua kadi yoyote, ya kwake au ya dukani, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Zote ni za bure. Zinaijaza kadi mpaka mwisho halafu zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa kipo. Kwa kadi kubwa inachukua muda mrefu, iache usiku kucha.

Nisiwaonee mafundi wengine. Wapo wanaopoteza nyimbo za watu bila nia mbaya kabisa. Nyimbo za iPhone zinazoingizwa kwa waya zinafungamana na maktaba ya kompyuta moja kwa wakati mmoja. Fundi akichomeka simu yako kwenye kompyuta yake, iTunes, programu ya Apple ya nyimbo kwenye kompyuta, inauliza kama ifute zilizopo iweke za hapo. Akibonyeza kukubali bila kusoma, plelisti zako zimekwenda. Kwa hiyo kabla hujampa mtu simu, muulize atatumia kompyuta ya nani. Akisema yake, mrudishe kwenye yako.

Na kusema kweli kazi yenyewe haihitaji kumlipa mtu elfu kumi na tano. Android, chomeka waya, kwenye simu chagua kuhamisha mafaili badala ya kuchaji tu, nakili folda ya nyimbo uiweke kwenye Music. Plelisti ukitaka ifuate, hifadhi lile faili la M3U ndani ya folda ileile ya nyimbo, kisha lifungue kwa Notepad ufute sehemu ya D:\Muziki\Harusi\ na kuacha jina la wimbo peke yake. Programu ya VLC ya kwenye simu italisoma. iPhone, kwenye Windows tumia iTunes ya kompyuta yako. Kwenye Mac, tangu toleo la Catalina la 2019, iTunes haipo tena na simu inaonekana kwenye Finder, lile dirisha la mafaili. Wanaosikiliza kwa Spotify, ambayo ipo Tanzania tangu 2021, hawana hata cha kuhamisha: ingia kwa akaunti yako mwenyewe kwenye kompyuta na kwenye simu, plelisti utaikuta pote. Kusikiliza bila bando ndiko kunakolipiwa, na malipo hayo yanakwenda kwao, siyo kwa mtu wa WhatsApp anayeuza "premium ya mwaka mzima elfu kumi".

Anaowapelekea huduma bila kukutana nao anawaomba namba sita za uthibitisho zinazoingia kwa meseji, eti za kuunganisha vifaa. Hizo ni za kuiteka WhatsApp yako. Usimtajie.

Namba zake sitaziweka hapa. Anabadilisha laini, na jina linalotokea ukimtumia hela huenda ni la mtu aliyesajiliwa bila kujua. Mtambueni kwa mtindo: picha ya wasifu ni vifaa vya muziki, hataki kukaa sehemu moja zaidi ya dakika chache, anapenda kuishika simu mwenyewe, na malipo anataka ya kutuma tu, taslimu hapokei.

Waliokwishapigwa, msifute mazungumzo hata kama yanawaudhi. Piga picha za kioo za tangazo, hifadhi meseji ya muamala, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumfungia mtu simu ili atoe hela siyo ugomvi wa mteja na fundi. Meseji zake za kuomba hela zitumeni kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma. Yule binti na kijana wa Chamwino wameshachukua RB zao, kwa hiyo ukifika kituoni eleza kwamba wapo wengine wenye malalamiko kama yako, ili mafaili yakutanishwe.