Nilivyonunua Hermes ya James Harris, toleo la 1771

Mwaka wa nne huu nakusanya vitabu vya James Harris (1709–1780), mwanazuoni wa Salisbury, Uingereza, aliyeandika juu ya sarufi na falsafa. Nilianza na Philological Inquiries ya 1781, iliyotoka mwenyewe keshafariki. Juzi nikapata kitabu chake kikuu, Hermes, kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya kale. Toleo la kwanza, la 1751, bei yake siiwezi. Nikachukua la tatu kwa pauni 95.

Ngozi ya jalada imepasuka kwenye maungio lakini nyuzi bado zimeshika. Karatasi ndiyo iliyonifurahisha: ni ya matambara, na ni nyeupe kuliko riwaya zangu za miaka kumi iliyopita. Ile herufi s ndefu inayofanana na f utaizoea upesi.

Kasoro niliigundua usiku wa pili. Wachapaji wa zama zile walipiga chini ya kila ukurasa neno linaloanza ukurasa unaofuata. Nikawa nayafuata moja moja mpaka kwenye faharasa, ambayo kurasa zake hazina namba, na hapo neno la chini likakataa kuoana na la juu. Karatasi moja haipo! Tangazo lilisema nakala ni kamili. Nilimwandikia muuzaji mara tatu ndipo akanirudishia pauni 20. Nilizipokea, ila kwa huduma ile simpi zaidi ya nyota mbili.

Kitabu chenyewe nakipa tano, na ndiyo maana sikukirudisha. Harris anagawa maneno mafungu manne: yanayotaja vitu, yanayotaja sifa, yanayobainisha na yanayounganisha. Vitenzi anaviweka fungu moja na vivumishi, kwenye sifa. Shuleni nilifundishwa kuvitenganisha, kwa hiyo nilisoma sura ile mara mbili huku nikijisemea: mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka. Kivumishi na kitenzi vyote viwili vinaifuata nomino. Sidhani Harris aliwahi kuisikia lugha yetu, lakini nilihisi ananieleza jambo ninalolitamka kila siku.

Sasa naitafuta tafsiri ya Kifaransa ya François Thurot, ya 1796. Safari hii nitaomba kwanza picha za faharasa nzima, ukurasa kwa ukurasa, ndipo nilipe.